Tusimlaumu mama: funzo la Daktari Garrod

Jina la Gregor Mendel hulijua kila mwanafunzi wa biolojia aliyewahi kuchora mraba wa urithi ubaoni. Jina la Archibald Edward Garrod halina bahati hiyo madarasani mwetu, ijapokuwa madaktari wa watoto kote ulimwenguni humhesabu miongoni mwa walimu wao wakuu. Nimeona inafaa kuyasimulia maisha ya tabibu huyu katika ukurasa huu, kwa sababu ninafundisha hapa Isiolo, na kila mwaka ninaona jinsi jamii inavyomtazama mtoto aliyezaliwa na kasoro ambayo macho hayaielewi. Mtoto akizaliwa na ngozi isiyo na rangi ya wazazi wake, au akishindwa kunyonya, au akichelewa kuketi na kusema, lawama humwangukia mama. Atasemwa kwamba alivunja mwiko, au kwamba ukoo wake umelaaniwa, au neno baya zaidi ya hayo. Garrod alitumia maisha yake kutafuta jibu la swali hilo hilo: kwa nini mtoto huyu na si yule? Tofauti ni kwamba yeye aliuliza akiwa na kalamu mkononi, si kidole cha kushutumu.

Garrod alizaliwa mjini London tarehe 25 Novemba 1857. Babaye, Alfred Baring Garrod, alikuwa daktari mashuhuri ambaye mwaka wa 1848 alionyesha kwamba damu ya wagonjwa wa jongo huwa na asidi ya yuriki kupita kiasi. Kwa hivyo kijana huyu alikua katika nyumba ambamo ugonjwa haukutazamwa kama fumbo la mizimu bali kama jambo la kemia linaloweza kupimwa. Alisomea sayansi katika Chuo Kikuu cha Oxford, kisha akajifunza utabibu katika hospitali ya St Bartholomew's, London, na akaongeza ujuzi mjini Vienna. Aliporejea kwao alihudumu huko St Bartholomew's na pia katika hospitali ya watoto ya Great Ormond Street.

Jambo lililomvutia lilikuwa la kuchekesha machoni pa wengi. Garrod alipenda kuchunguza rangi ya mkojo. Katika miaka ya 1890 alishirikiana na mwanakemia Frederick Gowland Hopkins, yule ambaye baadaye, mwaka wa 1929, alipata Tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya vitamini. Wawili hao walichuja, wakapima na kuchunguza kwa mwanga rangi ambazo madaktari wengine walizimwaga bila kuziangalia mara ya pili. Kazi ya namna hiyo haimpi mtu sifa barazani. Humfundisha, hata hivyo, kuona kile ambacho wengine wamekizoea hata hawakioni.

Mwishoni mwa karne ya 19 aliletewa mtoto mchanga wa kiume ambaye mkojo wake ulizitia nepi rangi nyeusi. Hali hiyo huitwa alkaptonuria. Si ugonjwa unaoua mtoto. Madhara yake makubwa, hasa maumivu ya viungo na uti wa mgongo, hujitokeza katika utu uzima. Madaktari wa wakati huo wengi waliamini kwamba inasababishwa na vijidudu vilivyoingia matumboni. Zilikuwa siku za ushindi wa elimu ya vijidudu, na kila ugonjwa ulitafutiwa kijidudu chake.

Garrod hakuridhika. Kama ni vijidudu, kwa nini hali hii haimwambukizi mlezi wala jirani? Kwa nini huwapata ndugu wawili wa nyumba moja, kisha isionekane kabisa katika mtaa mzima? Jibu lilianza kupatikana mwaka wa 1901, wakati mama wa mtoto yule alipojifungua tena. Garrod aliomba nepi za mtoto aliyezaliwa zichunguzwe tangu saa za mwanzo. Kabla ya siku tatu kupita, zilikuwa zimeingia weusi ule ule. Mtoto hakuwa amepata muda wa kuambukizwa. Alikuja duniani na hali hiyo.

Kisha Garrod akafanya jambo ambalo daktari mwenye haraka hangelifanya: aliuliza habari za ukoo. Akagundua kwamba baba na mama wa watoto hao walikuwa watoto wa ndugu wawili wa tumbo moja. Alipochunguza familia nyingine zenye hali hiyo, aliona kwamba ndoa za namna hiyo zilitokea mara nyingi kuliko ilivyotarajiwa, na wazazi wenyewe hawakuwa na dalili yoyote. Wazazi wazima wanazaaje watoto wenye kasoro moja? Mtaalamu wa urithi wa Cambridge, William Bateson, alimwonyesha kwamba jibu limo katika kanuni za Mendel, ambazo zilikuwa zimechapishwa mwaka wa 1866, zikasahauliwa, na kufufuliwa mwaka wa 1900. Kasoro hii ni sifa inayojificha. Mtu mwenye nakala moja mbovu ya jeni na nyingine nzima huwa hana dalili yoyote. Watu wawili wa aina hiyo wakioana, kila mimba huwa na nafasi moja kati ya nne ya kupokea nakala mbovu kutoka pande zote mbili.

Mwaka wa 1902 Garrod alichapisha makala yake maarufu katika jarida la Lancet. Ilikuwa mara ya kwanza ugonjwa wa binadamu kuelezwa kwa kanuni za Mendel. Nawaomba walimu wenzangu wautue moyo wao hapa kidogo, kwa maana ndani ya hesabu ile mna hukumu nzito ya haki. Nakala moja hutoka kwa baba na nyingine hutoka kwa mama. Hakuna njia ya kumpata mtoto wa namna hiyo kwa mama peke yake. Mwanamume anayemfukuza mkewe kwa sababu ya mtoto kama huyo anamfukuza mwenzake kwa nusu ya jambo ambalo nusu yake nyingine amelibeba mwenyewe.

Mwaka wa 1908 Garrod alitoa mihadhara katika Chuo cha Kifalme cha Matabibu, London, na mwaka uliofuata ikatoka kama kitabu. Humo alieleza wazo la makosa ya umetaboli ambayo mtu huzaliwa nayo. Umetaboli ni ile kazi ya mwili ya kuvunja chakula na kukijenga upya kuwa nguvu, nyama, damu na rangi. Kazi hiyo huendeshwa hatua kwa hatua, na kila hatua ina kimeng'enya chake. Kimeng'enya kimoja kikikosekana, hatua hiyo husimama.

Ili mwanafunzi wa Isiolo aelewe, nitamwomba aifikirie barabara kuu inayotoka Nairobi, ikapita hapa mjini, kisha Archer's Post, Laisamis na Marsabit, hadi Moyale. Tuseme daraja la Archer's Post limebomoka. Mambo mawili yatatokea. Upande wa huku malori yatarundikana Isiolo hadi yazibe njia. Upande wa kule maduka ya Marsabit yatakosa unga na sukari. Daraja ni lile lile moja, lakini hasara ni za namna mbili: msongamano nyuma na upungufu mbele. Ndivyo ilivyo katika mwili wa mtoto aliyekosa kimeng'enya. Katika alkaptonuria ni msongamano: asidi iliyopaswa kuvunjwa hubaki, hutolewa kwa mkojo, na ikipigwa na hewa hugeuka nyeusi.

Garrod alitaja hali nne katika mihadhara yake: alkaptonuria, sistinuria, pentosuria na ualbino. Jina la mwisho ndilo linalotugusa sisi wa Afrika Mashariki. Mtoto mwenye ualbino ana upungufu ule wa mbele ya daraja. Mwili wake hauwezi kutengeneza vya kutosha melanini, yaani ile rangi ya ngozi, nywele na macho. Melanini hutokana na tairosini, ambayo ni asidi amino itokayo katika chakula chetu cha kila siku. Njia ya tairosini ni hiyo hiyo ambayo kwenye tawi lake jingine huzaa asidi ya alkaptonuria. Mtoto wa London aliyetia nepi weusi na mtoto wa huku aliyekosa weusi wa ngozi ni wasafiri wa barabara moja waliokwama kwenye madaraja tofauti.

Hayo yalisemwa mwaka wa 1908. Karibu miaka mia moja baadaye, kuanzia miaka ya 2000, dunia ilisikia kwa fedheha habari za watu wenye ualbino waliowindwa na kuuawa, hasa nchini Tanzania, kwa imani kwamba viungo vyao vina utajiri. Katika sensa ya Kenya ya mwaka wa 2019, iliyowahesabu watu hao kwa mara ya kwanza, walipatikana 9,729. Kila mmoja wao ana haki ya kuishi bila kuitwa majina ya kudhalilisha, na kila mmoja anahitaji kofia, mafuta ya kuzuia miale ya jua, miwani na kiti cha mbele darasani. Hakuna muujiza katika ngozi yao. Kuna kimeng'enya au kiungo kimoja cha kazi hiyo ambacho hakifanyi kazi, basi.

Tuyarejee maisha ya Garrod. Heshima hazikumkosa. Mwaka wa 1910 alichaguliwa kuingia katika Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi, na baada ya William Osler kufariki, alikabidhiwa mwaka wa 1920 kiti cha uprofesa mkuu wa utabibu huko Oxford. Lakini msiba uliizunguka nyumba yake. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alikwenda kuwatibu askari kisiwani Malta. Wanawe wawili waliuawa vitani, na wa tatu, aliyeokoka risasi, akafariki mwaka wa 1919 kwa homa ya mafua iliyoenea duniani. Wana wote watatu waliondoka kabla ya baba yao. Alibakiwa na binti, Dorothy Garrod, mtaalamu wa mambo ya kale, ambaye mwaka wa 1939 alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa uprofesa katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Bwana huyu aliujua mara tatu, na bado akaendelea kufundisha na kuandika hadi uzeeni. Kitabu chake cha mwisho kilitoka mwaka wa 1931, naye akafariki mjini Cambridge tarehe 28 Machi 1936.

Wenzake walimheshimu bila kuelewa uzito wa alilolisema. Waliona kwamba amekusanya visa adimu, kama mtu anayekusanya stempu. Ilibidi ipite zaidi ya miaka thelathini ndipo Wamarekani George Beadle na Edward Tatum, wakichunguza kuvu la mkate mwaka wa 1941, waonyeshe kwamba jeni huongoza utengenezaji wa kimeng'enya. Walipopewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1958, Beadle alikiri hadharani kwamba Garrod alikuwa ametangulia.

Kwa watoto wachanga, hata hivyo, mavuno ya mbegu aliyoipanda yalikuwa yameanza kuonekana. Mwaka wa 1934 mama mmoja wa Norway, aliyekuwa na watoto wawili waliodumaa akili, alimwendea Daktari Asbjørn Følling baada ya wengine kumpuuza. Mama huyo alikuwa ameona kwamba watoto wake wana harufu ya ajabu. Følling alipima mkojo wao, akagundua ugonjwa unaoitwa fenilketonuria, msongamano ulio hatua moja kabla ya tairosini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 madaktari wa Birmingham, Uingereza, walionyesha kwamba chakula maalumu humsaidia mtoto wa aina hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani alibuni kipimo cha tone la damu kutoka kisigino cha mtoto, lililokaushwa kwenye karatasi. Katikati ya miaka ya 1970 Wakanada wa Quebec walianza kutumia karatasi hiyo hiyo kutafuta upungufu wa homoni ya tezi ya thairoidi, ile tezi iliyo shingoni.

Fenilketonuria ni nadra miongoni mwa Waafrika. Upungufu wa homoni ya thairoidi si nadra kiasi hicho. Mahali ambapo watoto wote hupimwa, hupatikana mtoto mmoja kati ya kila 2,000 hadi 4,000. Homoni hiyo nayo hujengwa kutokana na tairosini ikiunganishwa na iodini, na bila hiyo ubongo wa mtoto haukui. Mara nyingi chanzo ni tezi ambayo haikuumbika vizuri tumboni, na mara chache ni kimeng'enya cha kurithi, kama alivyofundisha Garrod. Chanzo kingine ni uhaba wa iodini katika chakula cha mama, ambao pia huleta rovu. Ndiyo sababu Kenya iliamuru mwaka wa 1978 kwamba chumvi itiwe iodini, na ndiyo sababu mama mjamzito anapaswa kununua chumvi iliyofungwa na kuandikwa hivyo.

Hatari ya ugonjwa huu ni ukimya wake. Mtoto huzaliwa akionekana mzima. Hulala sana, halii ovyo, hanyonyi kwa pupa. Nyanya na majirani humsifu kwamba ni mtoto mtulivu asiyesumbua. Macho yakibaki ya manjano zaidi ya wiki mbili, huambiwa aanikwe juani. Choo kikiwa kigumu, sauti ikiwa nzito, ulimi ukionekana mkubwa na kitovu kikivimba, kila dalili hupewa maelezo yake. Mwaka ukipita mtoto haketi, ndipo safari ya hospitali inapoanza, na wakati huo ubongo umekwisha kupoteza kisichorudishwa. Ilhali tiba ni kidonge kidogo cha thairoksini kila siku, ambacho kikianza katika wiki mbili za kwanza humwezesha mtoto kukua na kusoma kama wenzake. Ni hasara gani kubwa kuliko ile ambayo kinga yake ni tone moja la damu?

Katika hospitali zetu nyingi upimaji wa tone la kisigino haujawa desturi kwa kila mtoto. Kwa mama wa Merti, Garba Tula au Oldonyiro, ambaye hospitali kuu iko mbali, tofauti kati ya siku ya kumi na mwezi wa kumi ni tofauti kati ya mwanafunzi na mtoto wa kulishwa maisha yake yote. Kwa sababu hiyo naiomba serikali ya kaunti na Wizara ya Afya ianze, hata kwa ugonjwa huu mmoja tu. Karatasi yenye damu iliyokauka haihitaji barafu kama chanjo. Inaweza kusafiri katika bahasha hadi kwenye maabara. Na kabla hayo hayajafika, yapo mambo yasiyogharimu pesa. Mtoto anyonyeshwe katika saa ya kwanza na afunikwe akae na joto, maana sukari ya damu hupungua upesi kwa mtoto mchanga, hasa aliyezaliwa njiti, na upungufu huo unaweza kuudhuru ubongo. Mtoto asiyenyonya, anayelegea au anayebaki wa manjano apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo.

Kuhusu ndoa za jamaa nitasema kwa tahadhari, kwani Isiolo ni mji wa watu wengi na desturi nyingi. Waborana wana pande mbili, Sabbo na Gona, na mila yao humtaka mtu aoe upande wa pili. Jamii nyingine huruhusu watoto wa ndugu kuoana, na dini haiwakatazi. Ukweli ni kwamba wengi wa wanandoa hao huzaa watoto wazima, na wasiohusiana pia huweza kupata mtoto mwenye kasoro. Hatari huongezeka tu kwa kiasi fulani. Garrod hakuandika ili kumwaibisha mtu yeyote. Somo linalofaa ni hili: familia iliyowahi kupata mtoto wa namna hiyo imwambie daktari mapema katika mimba inayofuata, ili mtoto ajaye apimwe tangu saa yake ya kwanza, kama ilivyofanywa kwa yule wa 1901.

Kwenu walimu, nawaomba mnapoufikia mraba wa Mendel msiishie kwenye njegere. Watajieni wanafunzi habari za Garrod, kisha waulizeni lawama ya mtoto aliyezaliwa na kasoro ni ya nani. Hesabu itawajibu wenyewe. Kwenu wanafunzi, mkimaliza mtihani msiifunge hesabu hiyo daftarini. Ipelekeni nyumbani, mkawaeleze baba, wajomba na wazee wa boma, ambao neno lao ndilo huamua kama mama atabaki kwake au atafukuzwa na mwanawe mgongoni.